Afrika Kusini waliruhusu kuvuta, si kuuza

Kila mjadala wa bangi unapopamba moto hapa Kenya, hakosi mtu wa kuuliza, "Mbona Afrika Kusini wamehalalisha?" Mimi ni wakili wa kesi za jinai, na jibu langu huwakatisha wengi tamaa: soko la bangi halikuguswa kabisa na hukumu ya huko, iliyomruhusu mtu mzima kupanda na kuvuta bangi faraghani.

Ilitolewa na Mahakama ya Katiba tarehe 18 Septemba 2018. Kati ya waliofungua kesi alikuwamo Gareth Prince, Rasta aliyesomea sheria lakini akanyimwa usajili wa kuingia kwenye uwakili, kwa kuwa alishatiwa hatiani kwa bangi na hakuficha kwamba ataendelea kuivuta. Mwaka 2002 alidai uhuru wa dini mbele ya mahakama hiyohiyo, akashindwa, majaji 5 kwa 4. Wengi wao waliona kwamba msamaha wa Marasta peke yao ungewashinda polisi kuusimamia. Miaka 16 baadaye alirudi na hoja ya faragha, majaji wote wakamkubalia.

Hapo ndipo penye uhondo wa kisheria. Askari atamjuaje Rasta wa kweli na mvutaji aliyefuga rasta jana? Faragha haina tatizo hilo, maana ni ya kila mtu mzima. Marasta wa Kenya walipowasilisha ombi lao la kuruhusiwa bangi Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2021, niliwaambia wenzangu kwamba kama lingekuwa langu, Kifungu cha 31 cha Katiba, cha faragha, kingetangulia cha 32, cha dini.

Kuhusu kiasi cha bangi ambacho mtu anaweza kuwa nacho, majaji wa Afrika Kusini walikataa kutaja gramu. Askari anatakiwa apime mazingira yote: mzigo ni mkubwa kiasi gani, na maelezo ya mwenyewe yanaingia akilini? Zamani, chini ya sheria ya mwaka 1992, ukikutwa na zaidi ya gramu 115 ulihesabiwa mchuuzi mpaka uthibitishe vinginevyo. Dhana hiyo ilifutwa mahakamani mwaka 1995, na ilistahili. Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria; Rais Ramaphosa alikuja kutia saini tarehe 28 Mei 2024!

Kinachonikera ni kwamba faragha humfaa zaidi mwenye ua. Aliye na nyumba na bustani atapanda miche yake, avune, avute, na polisi hawana la kumfanya. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga atapanda wapi? Atanunua kwa mtu, na huyo mtu ni mhalifu kama alivyokuwa kabla ya hukumu. Halafu kuna wakulima wa Pondoland, Eastern Cape, ambao kwa vizazi wamesomesha watoto kwa bangi. Sheria ya 2024 inaagiza waliowahi kuhukumiwa kwa kuvuta au kupatikana nayo wafutiwe rekodi. Gunia la mkulima wa Pondoland halikutengewa hata mnunuzi mmoja halali.