Nchi tajiri nako kuna njaa

Hapa Mombasa wengi twaamini Marekani hakuna anayekosa chakula, nchi tajiri ile. Chakula kipo kweli, maduka yamejaa, lakini chakula ni cha kununua, na mtu akishalipa kodi ya nyumba, stima na hospitali mfukoni hana kitu, hata kama anaenda kazini kila siku. Hesabu ya serikali yao ya 2023 yasema asilimia 13.5 ya nyumba, kama milioni 18, kuna wakati mwaka huo zilishindwa kupata chakula cha kutosha, au hazikuwa na uhakika wa kukipata, sababu ya pesa. Si wote walilala njaa, kuna mama anaruka mlo ili watoto wale, na hilo laniuma sana. Ukikutana na namba kama hizi mtandaoni angalia ni za mwaka gani, nani kahesabu, na waliuliza watu swali gani hasa.