Je, wajua kwa nini tone la damu ya kobe hufichua uchafu wa mto?

Ukichota chupa ya maji pale Ilagala, Tanzania, Mto Malagarasi unapokaribia kumwagika Ziwa Tanganyika, kisha ukaipeleka maabara, utajua hali ya maji ya saa ile tu. Sumu iliyopita wiki jana imeshakwenda zake ziwani. Kobe wa majini aliye kwenye tope la ukingo huohuo hakwenda mbali. Amekula konokono na mizoga ya samaki, na tope analolalia ndimo madini mazito yanamotuama. Ndiyo maana wanaochunguza afya ya mito humtoa damu kidogo, wakamwachia aende zake.

Damu yake ina faida ambayo yetu haina. Chembe nyekundu za binadamu hutoa kiini chake kabla ya kuanza kazi, na huishi siku 120 hivi. Za kobe, kama za ndege, samaki na chura, hubaki na kiini, na kwa baadhi ya kobe waliochunguzwa huishi siku 600 hadi 800.

Kiini ndimo zilimo kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba vinasaba. Seli inapogawanyika, nyuzi nyembamba huzivuta kromosomu, hizi upande huu na hizi upande ule. Sumu au mionzi ikikata kipande, kipande kile kinakosa mahali pa kushikwa na uzi, kinaachwa nyuma kama mtoto aliyesahaulika stendi basi likishaondoka. Utando wake hukizunguka, kikawa kiini kidogo pembeni mwa kile kikubwa. Zipo kasoro nyingine pia: kiini chenye pengo, kilichochipua kinundu, au seli moja yenye viini viwili.

Kuziona hakuhitaji mitambo ya ajabu. Damu hupakwa kwenye kioo, ikatiwa rangi ya Giemsa, ileile inayotumika kusomea malaria kwa hadubini, kisha mtu akaketi na kuhesabu seli 1,000 au zaidi kwa kila kobe. Kazi inachosha macho, na ina mitego. Chembe ya rangi iliyoganda hujifanya kiini kidogo. Kobe naye ana vimelea vyake vya damu, huambukizwa na ruba, navyo hukaa ndani ya chembe nyekundu. Kwa hiyo kidoa hakihesabiwi mpaka kiwe duara, chenye rangi ya kiini kikubwa, kisichozidi theluthi yake wala kugusana nacho. Msomaji mzuri hata haambiwi kioo kimetoka wapi, asije akaona anachotamani kuona.

Kumtoa damu kwenyewe kuna vituko. Kobe wengi wa mito yetu ni wa kundi la Pelusios, ambao gamba la tumboni lina bawaba mbele. Akishafunga, shingo huioni tena; inabidi utafute mshipa wa mkia.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Azerbaijan, nchi yenye maeneo yaliyochafuliwa na viwanda vya kemikali na mafuta. Aina mbili za kobe wa huko walionyesha kromosomu zilizoharibika zaidi kuliko wenzao wa maji safi.

Hapo kwenye wenzao ndipo penye uzito. Namba moja peke yake haisemi kitu, maana hata kobe wa maji safi hakosi kasoro chache. Kwetu ningeanzia Mto Ugalla, unaopokea maji ya Tabora, mkoa wa tumbaku na dawa zake za kuua wadudu, kisha unaungana na Malagarasi. Ningepima kobe wa karibu na mashamba, wa ndani ya hifadhi, na wa Ilagala, wote wa umri unaokaribiana, na katika msimu uleule. Kobe hatataja jina la sumu. Ataonyesha sehemu ipi ya mto ina hitilafu, na hapo ndipo mkemia apeleke chupa zake, pamoja na koleo la kuchotea tope.