Mwaka Kogwa ulivyo kwa mkulima wa Makunduchi

Kila Julai picha za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, huenea mitandaoni: wanaume wanachapana kwa migomba, vumbi linatimka, watu wanashangilia. Kazi yangu ni kutafiti historia ya vijiji vya pwani, kwa hiyo naulizwa sana huo ugomvi ni wa nini. Jibu langu huanzia shambani.

Makunduchi iko kusini mwa Unguja, penye ardhi ya mawe matupu. Udongo umejificha kwenye vishimo baina ya mawe. Mkulima hufyeka kichaka, huchoma, hupanda muhogo, mtama au kunde pale penye udongo, kisha baada ya misimu michache huliacha konde lipumzike. Kilimo cha namna hii ni cha kuwahi mvua. Ukichelewa kufyeka, masika yanakukuta na miti mibichi isiyoshika moto.

Sasa, mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo hutangulia kama siku 11 kila mwaka. Unatosha kabisa kwa saumu na sikukuu, ila haumwambii mtu lini achukue panga. Ndiyo maana watu wa pwani walishika pia mwaka wa jua, Nairuzi, wenye asili ya Uajemi. Una siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo: kila mwongo siku 10, miongo 36, halafu siku 5 za kufungia mwaka. Mabaharia wa majahazi nao waliutumia kujua pepo za kusi na kaskazi. Mwaka Kogwa ndiyo siku ya kwanza ya hesabu hiyo.

Siku yenyewe watu wa upande wa kaskazini hukabiliana na wa kusini. Shina la mgomba limejaa maji. Ukipigwa unaumia, lakini linapasuka kabla ya mfupa. Mwenye kinyongo anakimaliza hapo, mbele ya watu. Wanawake, wamevalia wakapendeza, wanaimba, na nyimbo nyingine hazifichi kitu: mapenzi, majirani, yote yanatajwa. Kisha mzee anaingia kwenye kibanda cha makuti, kinawashwa moto, naye anachomoka mbio. Watu huangalia moshi umeelekea wapi, na huaminika kuwa moto huo unawakinga na ajali za moto mwaka mzima. Katika kijiji cha nyumba za makuti, hilo halikuwa jambo dogo. Baadaye ni kula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na nuksi.

Mimi navutiwa zaidi na jinsi hesabu hizi mbili zinavyoishi pamoja hata sasa. Kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989 katika vijiji jirani vya Paje na Jambiani, wanawake walijikuta wanafuata mwezi, kwa sababu vigingi na kamba hufikika vizuri maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokupwa. Mwani wanaupangia kwa mwezi; muhogo bado unasubiri jua na mvua.