Teknolojia ya zamani, wazo jipya: hii ndo Game Boy

Gunpei Yokoi, yule fundi wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, alikuwa na falsafa yake moja ya kubuni vitu na ukishaielewa falsafa hiyo, Game Boy, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi ya Nintendo, yote inaeleweka. Yaani unachukua teknolojia iliyoshazoeleka, bei imeshashuka na matatizo yake yote yanajulikana, halafu unaitumia kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Mwaka 1980 alichukua vioo vya kalkuleta, vitu vya kawaida kabisa, akatengenezea gemu za mfukoni za Game & Watch.

Sasa icheki Game Boy ilivyotoka Japani mwezi wa 4 mwaka 1989. Kioo hakina rangi, ni vivuli 4 tu vya kijani kijani, pikseli 160 kwa 144, taa ya ndani hakuna kwahiyo gizani huoni kitu. Mwaka huohuo wapinzani wao Atari wakaleta mashine yao ya mkononi, Lynx, yenye rangi na taa, 1990 Sega nao wakaja na Game Gear, na kwa kuangalia tu ungesema Game Boy imeshapigwa bao. Ila Game Gear ilikuwa inakula betri 6 na zinakata baada ya saa 3 mpaka 5 hivi, wakati Game Boy unaweka 4 unacheza zaidi ya saa 10, na bei yake ilikuwa chini. Kitu cha kutembea nacho kikikuzimikia njiani hizo rangi zitakusaidia nini?

Halafu watu wanaosema kile kioo kilikuwa kibovu mi huwa siwaelewi, chukua gemu ya Tetris, umbo la tofali linashuka, unaligeuza, unalipachika, mstari ukijaa unafutika, rangi ingeongeza kitu gani hapo?

Ila kinachonikosha zaidi ni ule waya wa kuunganisha Game Boy mbili. Ni waya tu. Kwenye Tetris ukifuta mistari miwili au zaidi kwa mpigo, kwa mwenzako tofali zinapanda kutoka chini, anaanza kuhangaika. Mashine ikaendelea kuzeeka, ikafika 1996, Pokémon, gemu ya kukusanya viumbe, ikatoka Japani ikiwa na matoleo mawili, Nyekundu na Kijani, na baadhi ya viumbe vya hili kwenye lile huvipati, kwahiyo kuwakamilisha wote lazima utafute mtu mbadilishane, na mnabadilishana kupitia waya uleule.