Kupiga sio lazima ngumi

Huku Mtwara kuna imani ya siku nyingi, wengi tuliipata kwa walimu, kwamba neno piga maana yake ni kuchapa tu na hizo maana nyingine zote, kama kupiga kura au kupiga pasi, ni watangazaji wa mpira na waandishi wa habari wameharibu Kiswahili. Sio kweli jamani. Kitabu cha Kiswahili cha Edward Steere, yule mmisheni aliyekuja kupeleka watu Masasi 1876, kilitoka 1870 na humo tayari kuna kupiga kelele na kupiga magoti, sasa redio gani ilikuwepo 1870?

Piga linabeba kazi, nomino inayofuata ndo inasema kazi gani. Fundi nguo anapiga pasi, kiungo wa Namungo naye anapiga pasi, mmoja ana mkaa mwingine ana mpira na hakuna anayechanganyikiwa. Kwenye habari serikali inapiga marufuku, wananchi wanapiga kura, na korosho zinapigwa mnada kila msimu bila kuguswa na fimbo.

Pa kuangalia vizuri ni kwenye kupigwa. "Ndanda wapigwa mbili" ni wamefungwa mabao, basi. Ila "wakulima wapigwa" bila nomino mbele, msomaji atawaza virungu na mwingine atawaza wamedhulumiwa hela zao, maana kupigwa kwa maana ya kutapeliwa ni la mtaani kweli, hilo nakubali. Hapo mhariri aongeze neno moja tu, wapigwa hela au wapigwa virungu.