Kiti cha magurudumu si kilo ya sukari

"Papa, wewe si ulishapewa?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kila ninapobisha mlango kutafuta huduma. Anayeuliza hana ubaya. Kwake kiti cha magurudumu ni kama kitenge cha sikukuu au kilo ya sukari ya msiba: ukishapokea umepokea, na ukirudi tena unaonekana mlafi. Mimi polio ilinikuta mtoto, mguu wa kushoto ukabaki nyuma wakati mwenzake ukikua. Tangu hapo nimepita kwenye mikongojo, trisikeli (baiskeli ya magurudumu matatu) na viti viwili, na maneno niliyoyasikia njiani, ya majirani, ya wauguzi, hata ya sisi wenyewe wenye ulemavu, yamenigharimu kuliko mguu wenyewe.

"Kiti ni kiti, mradi kina magurudumu"

Kiti changu cha kwanza kiling'aa. Kilikuwa cha aina ile ya kusukumia wagonjwa kwenye korido za hospitali, magurudumu ya mbele madogo kama visosi vya chai. Sasa tazama mji wenyewe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilikata katikati ya Goma ikaingia ziwani, sisi tukajenga juu yake. Ile ya Mei 2021 iliishia pembezoni mwa mji. Kwenye avenyi yetu, barabara ya mtaa, hupati hatua tano za ardhi laini. Siku ya tatu kisosi kimoja kilinasa kwenye ufa wa jiwe, kiti kikasimama, mimi nikaendelea na safari. Niliacha jino pale. Watu walicheka kwanza, kisha wakaninyanyua, ndiyo desturi.

Jino lilikuwa hasara ndogo. Kiti kile kilikuwa kipana, tungeweza kukaa wawili, kwa hiyo nilikaa nimeegemea upande mmoja kama gunia la makaa lililofungwa vibaya. Kiti kinachokufaa hukumbatia nyonga bila kuzibana, na nyuma ya goti hubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu ili ukingo usikate damu. Pa kukanyagia panapaswa kuinua nyayo kiasi kwamba mapaja yote yanalala juu ya mto, uzito usiishie kwenye mfupa wa kukalia peke yake.

Mto wenyewe ni sehemu ya kiti. Nasema hivi kwa sababu ya jirani yangu, kijana aliyepigwa risasi ya mgongo. Polio huua nguvu ya misuli lakini haiondoi hisia: mimi nikikaa vibaya naumia, najigeuza. Yeye haumii. Alipewa kiti bila mto, akakaa kutwa nzima mlangoni kwa furaha ya kuona barabara tena. Mfupa unapogandamiza nyama, damu haipiti, na kidonda huanzia ndani karibu na mfupa, hivyo unachokiona juu ya ngozi kimekwisha kuchelewa. Kwenye ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu. Pitisha mkono: sehemu yenye joto kuliko jirani yake, ngumu, au iliyoiva rangi zaidi, ndiyo hiyo. Kidonda kama hicho huingiza maambukizi hadi kwenye mfupa na damu, na watu hufa nacho. Kinga yake haina bei kubwa: mto mzuri, kuinama mbele au kujiinua kwa mikono mara kwa mara mchana kutwa, na mtu wa nyumbani anayetazama kila jioni.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi zisizo na uwezo mwaka 2008. Una hatua nane: kuelekezwa, kupimwa, kuandikiwa, kutafutiwa fedha, kutayarishiwa kiti, kuwekewa sawasawa mwilini, kufundishwa, halafu ufuatiliaji na matengenezo. Kupiga picha na mfadhili hakumo.

Kwa hiyo kiti ni kama dawa. Kina kipimo, kina mwenyewe, na kuna siku ya kurudi kuonwa. Ukipewa kisichokuenea una haki ya kusema hapana, hata kama aliyekileta amekuja na msafara wa magari.

"Basi chukua trisikeli, hiyo inafaa wote"

Trisikeli ya kuzungusha kwa mikono ni chombo cha barabara. Kwenye mpaka wa Petite Barrière ni lori kabisa: wenzetu wanavuka nayo kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, wamejaza mizigo hadi huoni kichwa cha dereva. Anayedhani trisikeli ni ya kuombea sadaka akasimame pale asubuhi moja. Lakini haiingii chooni, haigeuki chumbani, na inadai mikono miwili yenye nguvu pamoja na kiwiliwili kinachojishikilia. Yule kijana wa risasi hawezi kuikalia.

Uzuri wake ni vipuri. Mnyororo, spoki, tairi, vyote ni vya baiskeli, fundi yeyote wa mtaa wa Birere anavijua. Kabla ya kupokea chombo chochote uliza swali hili moja: beringi yake inauzwa wapi mjini hapa? Kama jibu ni Ulaya, jiandae.

"Mikongojo unaiegemea kwapani"

Hapana. Uzito unabebwa na viganja. Simama wima: kati ya kwapa na kichwa cha mkongojo ziingie vidole viwili au vitatu, na ukishika mshikio kiwiko kijipinde kidogo. Ukining'inia kwapani miezi, unagandamiza mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, na unaamka asubuhi kiganja kimelegea hakinyanyuki. Nimemwona mama mmoja aliyevunjika mguu akamaliza akiwa na mguu mzima na mkono mgonjwa. Aliazimwa mikongojo ya shemeji yake, mtu mrefu. Fimbo ya mkono mmoja nayo hushikwa upande wa mguu mzima, siyo wa mguu mbovu. Na kofia ya mpira chini ya mkongojo ikilika, badilisha siku hiyohiyo: juu ya lava yenye unyevu, chuma kitupu ni sabuni.

"Mguu bandia ukishavaa umemaliza"

Mtoto anakua, mguu bandia haukui. Mkubwa hubadilishiwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, mtoto karibu kila miezi sita. Mzazi anayejua hivyo tangu mwanzo hapotezi tarehe. Asiyejua humwona mtoto anaanza kuchechemea akadhani ni uvivu. Hapa Goma karakana ya viungo bandia inayojulikana ni ya kituo cha Shirika la Umoja, kwa Bukavu ni Heri Kwetu, na kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, imevisaidia vyote viwili kwa miaka. Unapofika uliza mapema nani analipa nini kwa mgonjwa wa aina yako, kwa maana aliyejeruhiwa vitani na aliyekatwa mguu kwa sukari huenda wasiwe na mlipaji mmoja.

Tukiwa bado kwa watoto: mguu wa kifundo, ule unaozaliwa umepinda kwa ndani, haungoji mtoto akue na si laana ya mtu. Njia ya daktari Ponseti ni plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano au sita hivi, mara nyingi na kikato kidogo cha kano nyuma ya kisigino. Kisha viatu vyenye kipande cha chuma katikati: mtoto anavaa karibu saa zote kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi umri wa miaka minne au mitano. Wengi hushindwa kwenye viatu, siyo kwenye plasta. Mguu ukinyooka bibi anasema "amepona, muache alale vizuri", na baada ya mwaka umerudi ulikotoka.

"Wametangaza bure, si uende tu"

Hapa ndipo mfuko unapotoboka. "Bure" mara nyingi ni kipande: operesheni ni bure, picha ya eksirei siyo, kifaa ni bure, fishi, ile kadi ya kuandikishwa, siyo, dawa zipo, chakula ni juu ya familia. Halafu kuna njia. Mimi nikienda kupimwa nakodi moto mbili, yaani pikipiki, moja ya mwili wangu na moja ya kiti kilichokunjwa, na dereva wa pili huwa ananitoza zaidi kuliko wa kwanza kwa hoja kwamba kiti hakijishikilii. Mlinzi anauliza karatasi. Ndani, mezani: "Papa, leta kwanza makuta ya fishi." Nikamwambia dada yule tangazo limesema bure. Akaniangalia kwa huruma kabisa: "Ni kweli papa, kuonwa na munganga, daktari, ni bure. Fishi siyo."

Siku hizi sitoki nyumbani bila kupiga simu nikauliza mambo manne: fishi, vipimo, siku nitakazorudi, na kama aliyenisindikiza atapata pa kulala. Jumla ya hayo ndiyo bei ya "bure". Wakati mwingine kituo cha kulipia kilicho karibu kinatoka rahisi zaidi.

"Kuna sheria, serikali inalipa"

Sheria ipo, tena si moja. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria yetu wenyewe, ile namba 22/003, ni ya tarehe 3 Mei 2022. Nilichapisha nakala nikaipeleka kwa keshia wa hospitali moja. Akaisoma ukurasa wa kwanza wote, kwa heshima, akanirudishia: "Hii ni nzuri, papa. Lakini mashine yangu haina kitufe chake."

Sijaiacha nyumbani tangu siku ile, lakini nimebadilisha ninayemwonyesha. Keshia hana uamuzi. Mwenye uamuzi ni mkurugenzi au yule wa huduma za jamii wa hospitali, na kwake karatasi inayofanya kazi haraka ni cheti cha umaskini, attestation d'indigence, kinachopitia kwa watu wa Mambo ya Jamii. Kitafute ukiwa mzima. Mgonjwa aliyelala hana miguu ya kuzunguka ofisi, na sisi wengine hata tukiwa wazima hatuna.

"Usipolipa wana haki ya kukufunga wodini"

Wanafanya, kila mtu mjini anamjua aliyekaa wiki tatu baada ya kupona kwa sababu ya deni. Haki ni jambo jingine. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu imo tangu 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza deni la makubaliano. Deni linabaki deni, mwili wako si rehani. Ila ukienda na maneno hayo kwa ukali utapata ukali. Kilichomtoa shangazi yangu ni barua ya mkono: kiasi gani kila mwezi, nani shahidi, chefu wa avenyi akatia sahihi.

Waliochangia malipo ya mwezi wa kwanza walikuwa watu wa muso yetu. Asiyejua muso: ni kikundi cha akiba, kila mkutano unaweka fedha katika masanduku. La kijani ni la mikopo, la jekundu ni la mabaya yanayompata mwanachama, ugonjwa au kifo.

Jumapili iliyopita nilisimama pale nikaomba kutoka jekundu. Beringi ya gurudumu la kulia imekwisha, kiti kinavuta upande na bega linauma. Mhasibu wetu, mama mwenye roho safi lakini mwenye daftari, akasema: "Papa, beringi ni ugonjwa?" Wakabishana nusu saa. Mzee mmoja akasema nikope kutoka la kijani kama watu wote. Fundi cherehani, ambaye hata hatuelewani sana, akamuuliza yule mzee kama miwani yake aliyotolewa jekundu mwaka jana ilikuwa ugonjwa au ilikuwa kioo. Wakapiga kura. Nimeletewa beringi mbili jana, na mhasibu ameandika kwenye mstari wa dawa.