Kuongoza kwa moyo si kuongoza kwa muhali

Katika mafunzo tunayowapa wakuu wa vitengo Unguja na Pemba, swali la kiongozi mwema ni yupi hujibiwa haraka. Ni yule asiyefokea watu. Ni yule anayefika msibani, anayemruhusu mfanyakazi kwenda kumuuguza mama yake Mnazi Mmoja bila ya kumzungusha. Majibu hayo ni ya kweli na sipendi mtu ayadharau. Mkuu asiyejua kuwa karani wake amefiwa hajui anaongoza nani. Ila tukiendelea kuulizana, hujitokeza jibu jengine, nalo ndilo lililonisukuma kuandika makala hii: kiongozi mwema ni yule asiyemgusa mtu. Hapo ndipo moyo unapochanganywa na muhali, yaani kumuonea mtu haya hata ukashindwa kumkatalia au kumwambia kosa lake.

Muhali kila mmoja wetu anaujua. Tuchukue kituo cha afya cha kijijini. Mkuu wa kituo anajua kwamba muuguzi mmoja hufika saa nne, na wagonjwa wamekaa barazani tangu saa moja. Muuguzi huyo ni mkwe wa jirani yake, na marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha mkuu huyu chuoni alipokuwa mdogo. Amwambie nini? Anamuomba muuguzi mwengine amshikie zamu. Mwezi unapita, mwaka unapita. Mkuu huyu si mtu mbaya, anaamini anafanya wema, na kwa yule muuguzi ni wema kweli. Lakini wema huo una watu wanaoulipia. Mmoja ni mwenzake anayefanya kazi ya watu wawili. Mwengine ni mama mjamzito aliyetoka kijiji cha pili kwa gari ya alfajiri. Uamuzi unapopitishwa, wote wawili hawamo chumbani, na hakuna anayewasemea.

Mwanasaikolojia Shalom Schwartz, katika utafiti alioutoa mwaka 1992 kwa kutumia takwimu za nchi 20, alizipanga tunu za binaadamu katika makundi 10. Makundi mawili kati ya hayo yanapakana: la kwanza ni kuwatakia heri watu wa karibu yako, la pili ni kujali heri ya watu wote, hata usiowajua. Yote mawili yanamtoa mtu kwenye ubinafsi, lakini si kitu kimoja. Kwa maoni yangu, sisi wa visiwa hivi tumejaaliwa sana hiyo ya kwanza, na ni neema kubwa. Mtihani wetu ni ya pili, khasa katika ofisi ndogo ambamo ukichunguza vizuri kila mtu ana udugu, ukwe au ujirani na mwengine.

Sheria inasaidia, ingawa haifiki kila pahala. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Zanzibar, Namba 4 ya mwaka 2015, inawataka viongozi watangaze mali na madeni yao na wajiepushe na mgongano wa maslahi. Zabuni aliyopewa shemegi inaweza kuhojiwa kwa sheria. Lakini kusaini mahudhurio ya mtu ambaye hakufika, au kumpa tathmini nzuri mtu asiyefanya kazi kwa sababu unamstahi mzee wake, ni mambo ambayo mara nyingi hayafiki kwenye jalada lolote. Hapo kiongozi hubaki na nafsi yake, na kama hajaamua mapema anasimamia nini, ataamuliwa na uso wa aliyekaa mbele yake.

Ndiyo maana ninawashauri wakuu wapya waseme mapema. Wiki ya kwanza, kabla hakujatokea kosa lolote, waambie wafanyakazi mambo mawili au matatu ambayo hutayalegezea. «Mimi sitasaini jina la mtu ambaye hakuja.» «Mgonjwa wa mwanzo kufika ndiye wa mwanzo kuonwa, isipokuwa aliyezidiwa.» Neno likisemwa wakati hakuna mkosa, halimlengi mtu. Likisubiri mpaka mkosa apatikane, litasikika kama chuki, na wewe mwenyewe utaona haya kulitamka. Yasiwe mengi. Mkuu mwenye misimamo kumi na tano hana hata mmoja unaokumbukwa.

Kisha yapo mazungumzo yenyewe, na hapa moyo unahitajika kuliko pengine popote. Mwite muuguzi yule faragha, si mbele ya wenzake. Mueleze kilichotokea, usimueleze tabia yake. «Dada yangu, wiki hii umefika saa nne mara tatu, na mwenzako ndiye aliyehudumia watu wako. Kuna nini?» Halafu nyamaza umsikilize. Huenda ana mtoto mgonjwa anayemhangaisha usiku, au gari ya kwao haipiti mpaka jua liwe juu. Kama tatizo ni la kweli, mpangie zamu ya mchana, kwa uwazi, na utaratibu huo umfae kila mwenye shida kama yake. Kumsaidia kwa kificho ndiko kunakozaa manung'uniko ya «yule ni mtu wake».

Kuna faida nyengine ya uongozi wa moyo ambayo haizungumzwi vya kutosha. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kuwa wodi zenye mashirikiano mazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamuonesha kinyume: wodi zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wafanyakazi wa huko hawakuogopa kuyasema. Kwengine makosa yalifichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika hospitali anayekufa si yule aliyeficha.

Nilete suala hili Pemba, msimu wa karafuu. Karani wa mizani katika kituo cha ununuzi anagundua kwamba mizani inapunja, pengine tangu juzi. Akimwambia mkuu wake, watu watarejeshewa fedha, foleni itasimama, lawama zitaanguka. Kama mara ya mwisho alipoleta habari mbaya aliambiwa «wewe kila siku una matatizo», safari hii atanyamaza, na mkulima aliyepanda juu ya mkarafuu na kuanika kwenye majamvi ataondoka na pungufu asiyoijua. Mkuu hakumwambia karani aibe. Alikunja uso tu, siku moja.

Kwa hiyo jifundishe kuuliza vizuri. Ukiuliza «mambo yote sawa?», utajibiwa «alhamdulillahi», kwa sababu ndiyo adabu yetu. Uliza: «wiki hii nini kilitukwama?» Na habari mbaya ikija, neno lako la mwanzo liwe ahsante, hata kama roho inakuuma. Hasira ina nafasi yake, baada ya mizani kurekebishwa.

Wapo watakaosema kwamba katika mambo madogo hakuna dhara ya kumuonea mtu muhali. Bandarini, kumuongeza jamaa mmoja juu ya idadi huonekana ihsani. Lakini meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mno kupita uwezo wake, na hadi leo ni nyumba chache Pemba zisizojua mtu aliyepotea usiku ule.

La mwisho ni wazee. Ukishika msimamo, watakuja kumuombea mtu wao. Yule muuguzi ataletewa ami yake au sheha wa shehia yake. Usiwakwepe wala usijifanye una kikao. Wakaribishe, wape kahawa, wasikilize mpaka mwisho, kisha sema kwa upole: «Mzee wangu, ombi lako nimelipokea. La mahudhurio siwezi kulibadilisha, kwa sababu kuna wagonjwa wanaosubiri. La zamu nitakaa naye Jumatatu tulipange upya.» Na Jumatatu ikifika ukae naye kweli, na mlichokubaliana kiandikwe kwenye daftari la zamu ambalo wafanyakazi wote wanaliona.